Mtani Aliyekalia Kaburi la Tereza

Tereza alikufa Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya jiko lake huko Kakese. Neno lake la mwisho lilikuwa la kumwamuru binti yake aepue sufuria ya maharage. Gaudensia akaepua. Alipogeuka kusema kwamba ameshaepua, mama yake alikuwa ameegemea ukuta, ametulia kuliko alivyowahi kutulia mbele ya chakula kinachopikwa na mtu mwingine, na hapo ndipo Gaudensia alipojua kwamba kuna jambo.

Ilikuwa presha. Tereza mwenyewe aliiita ugonjwa wa Edgar, kwa sababu Edgar, mwanawe anayefanya kazi Dodoma, ndiye aliyempeleka kupimwa. Kabla ya hapo, alisema, hakuwa nayo. Dawa alizimeza siku ambazo Edgar alipiga simu.

Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa mke wa Fabiani, mtu mpole aliyetoka naye Ufipa wakiwa vijana, wakafuata mpunga wa bondeni na wasirudi tena. Fabiani alikuwa mtu wa maneno machache sana, lakini nyumba haikupungukiwa, kwa kuwa Tereza alisema ya watu wawili. Alizaa, akalea, akalea na wasio wake. Wajukuu waliletwa kwake mmoja mmoja kama madumu yanavyoletwa kisimani, akawarudisha kwao wamejaa.

Hayo ndiyo yaliyosemwa msibani, na yote ni kweli. Edgar, akiwa bado kwenye basi kutoka Dodoma, aliyasoma kwa simu kwa fundi wa Makanyagio, mjini Mpanda, yakachapishwa kwenye fulana nyeupe: MKE MWEMA, MAMA MLEZI, BIBI MPENDWA. Picha iliyowekwa juu ya maneno hayo ilikuzwa kutoka kwenye kadi ya mpiga kura, kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Tereza alionekana akimtazama mpiga picha kama mtu anayesingiziwa wizi.

Mengine hayakuandikwa kwenye fulana, pengine kwa kukosa nafasi. Kwa mfano, kila alipokwenda mjini kuuza mchele alipanda bodaboda, lakini kwenye kila mteremko alimgonga dereva mgongoni, akashuka, akateremka kwa miguu, kisha akapanda tena kule chini alikosubiriwa. Kwenye mlima alikaa. Alipoulizwa, alisema pikipiki ikipanda inajitahidi, ikishuka inafanya inavyotaka, na yeye hakai juu ya kitu kinachofanya kinavyotaka. Vijana wa bodaboda walimgombania hata hivyo, kwa kuwa njia nzima aliwatafutia wachumba.

Kwenye kwaya ya kigango aliimba kwa sauti isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu wa kwaya, mtu wa amani, alimpanga safu ya nyuma kabisa, karibu na dirisha, na akaomba dirisha liachwe wazi.

Na misibani aliingia moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria ya kwanza aliyoikuta, akatoa hukumu. Hakuna aliyemchagua. Wanawake wa Kakese walimwogopa, na walipofiwa walimtafuta yeye kabla ya kumtafuta katekista.

Jirani yake wa upande wa bondeni alikuwa Luhende, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na kofia moja. Yeye Msukuma, Tereza Mfipa. Pale Kakese hilo lilitosha kuwafanya watani, na utani wao, Mfipa kusingiziwa uchawi wa ungo na radi, Msukuma ulafi na ng'ombe, waliutumia kila siku kama watu wengine wanavyotumia chumvi. Asubuhi Luhende alipopita na ng'ombe alisimama kwenye mpapai wa Tereza.

"Mfipa, umeamka? Nilidhani umeshapaa na ungo kwenda Sumbawanga."

"Ungo wangu ulikuwa na kazi ya kupepeta mchele. Wewe utajuaje mchele, Msukuma? Unakula kwenye beseni mpaka ng'ombe wanaona aibu kukutazama."

"Na ile radi ya juzi, ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yako, ilikukosa. Nitalenga vizuri."

Fabiani aliyasikiliza mazungumzo haya kila siku akiwa anapiga mswaki, na hakuwahi kuyaongezea neno. Mwaka mmoja ng'ombe wa Luhende waliingia kwenye mpunga wa Tereza wakala robo ya jaruba. Luhende alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kushtaki kwamba ng'ombe wake wamelishwa uchawi, kwa kuwa mmoja alikuwa anacheua upande upande. Tereza alidai alipwe kwa kumtibu. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amehamia karibuni, alichukua jambo hilo kwa uzito wote na akatumia mchana mzima kuwasuluhisha watu ambao hawakuwa wamegombana.

Kuna nchi ambako waliofiwa hulipa waliaji, na nyingine ambako maiti husindikizwa kwa tarumbeta. Huku msiba una mtani. Mtani anaruhusiwa kumwiga marehemu, kuvaa nguo zake, kuzuia jeneza mlangoni, kudai kuku, hata kulala kaburini mpaka abembelezwe. Waliofiwa nao wanaruhusiwa mengi. Wanachokatazwa ni kukasirika. Anayemkasirikia mtani ndiye aliyeharibu msiba, hata kama marehemu ni wake.

Gaudensia aliyajua hayo tangu anyonyeshwe. Ndiyo maana alichokifanya Alhamisi kiliwashangaza watu.

Yeye ndiye dada mkubwa wa Edgar. Aliolewa Inyonga na mkulima wa tumbaku, na ndoa ilipokwisha alirudi Kakese na binti yake Dina na godoro. Mama yake hakumuuliza kitu. Alimwonyesha pa kuweka godoro, akamtuma kuni. Tangu siku hiyo aliitwa. Aliitwa akiwa shambani, akiwa anaoga, akiwa ameshika maziwa yanayotaka kufurika. "Gaude!" "Abee, mama!" Dina alikua, akasoma, akaolewa Tabora, na Gaudensia aliendelea kuitwa. Wakati mwingine alipofika aliambiwa kwamba alichoitiwa kimeshapita.

Jumatano asubuhi, mama yake akiwa mochwari Mpanda na Edgar akiwa njiani, aliketi nyuma ya nyumba na kikombe cha chai, akakinywa chote kikiwa bado cha moto. Hakuwahi kufanya hivyo katika nyumba ile. Hakuna aliyemwita. Chai ilikuwa tamu. Alipoweka kikombe chini alijikuta amefurahi, na furaha hiyo ikamtisha kuliko kifo chenyewe. Alinawa uso kwa maji mengi ili watu wadhani alikuwa analia, maana kilio chenyewe kilikuwa hakijaja.

Alhamisi, siku ya kuzika, alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani aliposikia sauti kutoka jikoni.

"Gaude! Gaudee! Hawa watu wanapika wali au wanaogesha mtoto? Njoo uone maji haya!"

"Abee, mama!"

Alishaanza kukimbia. Maji yalimwagika, kwanza begani, kisha kila mahali. Alipozunguka kona ya nyumba akamkuta Luhende amejifunga kanga ya Tereza juu ya koti lake, mfuniko wa sufuria mkono mmoja, mkono mwingine kiunoni, ameuvuta mdomo upande kama Tereza alivyouvuta kila alipoona wali wa mtu mwingine. Wanawake walikuwa wanashikana kwa kicheko. Ernestine, jirani ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani, alikuwa ameketi chini kwenye kuni akijifuta machozi.

Walimwona Gaudensia wakanyamaza. Wote walikuwa wameisikia ile abee. Kisha mmoja akashindwa kujizuia, akacheka tena.

Gaudensia alishusha ndoo. Alichukua mwiko, ule mkubwa wa ugali wa msiba, akampiga nao Luhende begani, mara ya kwanza na ya pili, mpaka kofia ikaanguka.

"Toka! Mama yangu hata hajazikwa, unamchezea! Toka hapa!"

"Mayu," Luhende alisema taratibu, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "mimi ni mtani."

"Toka!"

Luhende aliifungua kanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kigoda. Akaokota kofia. Akarudisha mfuniko kwenye sufuria, lakini akauacha umekaa upande, jambo ambalo Tereza asingelinyamazia, kisha akaondoka kuelekea bondeni bila kugeuka.

Ernestine aliinuka kwenye kuni.

"Yoo, Mama Dina. Umempiga mtani."

"Nimempiga."

"Kwa mwiko."

"Ndio uliokuwepo."

"Mambo ya Wafipa na Wasukuma mimi nimeyakuta, siwezi kuwafundisha," Ernestine alisema. "Lakini nimekaa hapa vya kutosha kujua kwamba leo kuzika kutakuwa na shughuli."

Kaburi lilikuwa limechimbwa pembeni mwa shamba, mahali palipoinuka kidogo juu ya majaruba, likipakana na mihogo ya jirani. Mchana msafara ulifika. Mbele alikuwa katekista Aloyce na kitabu chake, nyuma yake jeneza, nyuma ya jeneza fulana nyeupe, nyingi, kila moja na mtuhumiwa wake kifuani. Upande wa Sitalike wingu jeusi lilikuwa limesimama. Watu wa bondeni wanajua kaburi la Februari likinyeshewa linageuka kisima, na hakuna anayependa kumzika mama yake kisimani.

Katekista alifika ukingoni, akafungua kitabu, akatazama chini, akakifunga.

Luhende alikuwa amekaa kaburini. Ameegemea ukuta wa udongo, miguu ameinyoosha, kofia kichwani, kama mtu anayesubiri basi ambalo hana haraka nalo.

"Mzee Luhende," katekista alisema, "upo kaburini."

"Nipo."

"Tunataka kuzika."

"Zikeni. Mna kaburi lingine?"

Edgar alisogea mbele. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini na alisimama navyo kwa uangalifu. "Mzee wangu, tunaomba radhi. Dada alikuwa na uchungu. Tutakupa kuku."

"Kuku ninao."

"Basi mbuzi."

"Mwanangu, mimi ni Msukuma. Unanitisha na mbuzi?"

Watu walicheka, kisha wakaliangalia wingu.

"Sasa unataka nini, mzee?"

"Sikilizeni," Luhende alisema, bila kupandisha sauti. "Nimekuja asubuhi kumfanya marehemu. Hiyo ndiyo kazi yangu, sikuiomba. Nimepigwa mwiko, sawa, sikasiriki, mtani hakasiriki. Lakini kama nimekatazwa kumfanya mimi, basi mfanyeni nyie. Kaburi hili limechimbwa la Tereza. Nionyesheni kwamba mliyemleta humo kwenye sanduku ni Tereza, nitatoka. La sivyo nimpishe nani? Mtu nisiyemjua?"

"Ni huyu hapa," Edgar alisema, akaivuta fulana yake ili picha ionekane.

"Huyo nimemwona tangu asubuhi. Huyo ni mtu aliyekamatwa."

"Mzee, soma. Mke mwema, mama mlezi, bibi mpendwa."

"Hata mke wangu yuko hivyo. Hata yule wa kwa Nyanda tuliyemzika mwaka juzi, mlisema hivyo hivyo, na yule alikuwa hasalimii watu. Lete mwingine."

Katekista alikohoa. "Mimi naweza kushuhudia kwamba alikuwa mcha Mungu. Kwaya hakukosa."

"Hiyo tunajua hata sisi tusiosali. Dirisha lilikuwa wazi. Mwingine."

Ernestine alisukumwa mbele na wenzake. "Mimi nilipojifungua Nestori alikuja kunihudumia. Alikaa wiki nzima. Alinipikia, akanifulia, akanikosoa. Mpaka leo sijui mtoto anashikwaje, kila nilivyomshika ilikuwa sivyo."

"Hapo umekaribia," Luhende alikubali. "Lakini wewe ni jirani kama mimi. Nyumba yenyewe iko wapi?"

Ndipo watu walipopisha njia na Fabiani akasogea mpaka ukingoni. Alikuwa hajasema kitu tangu Jumanne. Watu walikuwa wakihesabu hilo kuwa huzuni, ingawa kwa Fabiani haikuwa rahisi kutofautisha.

"Alikuwa anakoroma," alisema.

Fulana zote ziligeuka kumtazama. Luhende aliifikiria habari hiyo.

"Kwa kuvuta au kwa kutoa?"

"Kwa kuvuta."

"Na akiamshwa?"

"Anasema ni mimi."

"Kweli, ndiye," Luhende alisema. "Nusu nimekubali. Lakini ushahidi wa mume peke yake haufungi kesi. Nani mwingine?"

Hapo wote wakamtazama Gaudensia, kwa kuwa walikuwa wameshamaliza kumtazama kila mtu mwingine.

"Dada," Edgar alinong'ona, "sema kitu. Ona wingu lile."

"Niseme nini?"

"Chochote. Wewe ndiye uliyekaa naye."

Ni kweli alikaa naye, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alijaribu kumtafuta mama yake kichwani, akakuta kazi: kuni, maji, chumvi, mpunga wa kuanikwa, mpunga wa kuanuliwa. Kama angesimama pale mbele ya Kakese nzima akose la kusema, ingekuwa amekaa na mama yake miaka yote hiyo kama jembe linavyokaa na ukuta, na mama angesubiri juani ndani ya sanduku mpaka mvua ije. Na kama angelipata la kusema, lingetoka kwa sauti ile ya mama. Alijua. Hakukuwa na sauti nyingine ya kulitolea. Tangu Jumatano asubuhi alikuwa ameridhika kutoisikia, na hakuna aliyejua hilo isipokuwa kikombe.

"Mama," alianza, "mama alikuwa anapenda usafi."

"Sisikii huku chini!"

"Alipenda usafi!"

"Hata sabuni inapenda usafi, we mtoto wa Mfipa. Mwingine!"

Gaudensia aliona aibu, akageuza uso upande ili asiyaone macho ya watu. Ndipo akauona udongo. Vijana waliochimba walikuwa wameurusha wote upande mmoja, na ulikuwa umefunika mihogo ya jirani, mashina mawili matatu yakichungulia kama watu waliozama.

"Nani amemwaga udongo juu ya mihogo ya watu?"

Hakulipanga. Lilitoka juu, kali, limevutwa mwishoni kama kamba ya ndoo, na mdomo wake wenyewe ukaenda upande. Vijana wa kuchimba waliruka. Mmoja alikuwa ameketi akila karanga, akazitupa zote, na kabla hajajua anamtii nani alikuwa ameshashika koleo.

"Mna macho au mna matundu? Huo muhogo umewakosea nini? Mwenyewe akija atasema nini, kwamba Tereza amekufa na mihogo yake? Ondoeni! Huko! Siyo huko, huko!"

Udongo ulianza kuhama.

"Na wewe Edgar, umesimama na hivyo viatu kama bwana harusi aliyekimbiwa. Shika koleo. Umekwenda shule umeisahau mikono darasani?"

Edgar, afisa wa daraja fulani huko Dodoma, alishika koleo.

"Na nyie, nani amewavalisha nyeupe? Februari? Kwenye tope hili? Mtazifua na nini, na machozi? Haya, sogea hapo, unamkanyaga mwenzio. Mnakuja kunizika au mnakuja kupigwa picha?"

Jikoni asubuhi wanawake walikuwa wamecheka mpaka wakalia. Sasa walianza upande wa pili: walilia kwanza. Gaudensia mwenyewe alikuwa analia, machozi yakimfika kidevuni, lakini hakuwa na nafasi ya kulishughulikia jambo hilo. Alikuwa ameshafika ukingoni mwa kaburi.

"Na wewe Msukuma! Nani kakukaribisha humo?"

"Nimepumzika, Mfipa," Luhende alijibu kutoka chini, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni pazuri. Pana ubaridi."

"Umeoga lakini? Kabla hujaingia nyumbani kwa watu umeoga? Mtu gani anaoga Krismasi kwa Krismasi, na hiyo Krismasi yenyewe si ya kwake!"

"Nilitaka kuoga, nikaogopa utaloga maji."

"Nikuroge wewe? Uchawi wangu una bei. Niuharibie kwako wewe, wakati kofia yako yenyewe inakuua taratibu?"

"Kofia yangu iache. Kofia imekukosea nini?"

"Hiyo kofia ninazikwa nikiiacha, na nikifufuka nitaikuta! Ng'ombe wako wanapita kwangu kila siku wameangalia chini, unadhani wanatafuta majani? Wanakuonea haya! Toka humo, unachafua. Nimeshinda miaka yote nakufukuza kwenye mpunga wangu, sasa nikufukuze na kaburini? Wewe huna kwako?"

"Ninapo, lakini kwangu hakuna wa kunitukana."

"Basi si shida yangu! Mimi nina safari. Toka!"

Fabiani alimgusa bega. "Basi, mama," alimwambia binti yake. "Mwache mtu apande."

"Na wewe Fabiani nyamaza. Hukuzoea kusema, usianze leo."

Watu waliguna. Mtoto kumwita baba yake kwa jina, mbele ya katekista, halikuwa jambo ambalo Kakese ilikuwa imelishuhudia. Lakini Fabiani, ambaye hakuwa ameambiwa anyamaze tangu Jumanne, alinyamaza vizuri kabisa. Mabega yalimtikisika. Alitoa kitambaa, akakitazama, akakirudisha mfukoni, akajifuta kwa mkono.

Kaburini Luhende aliinua mikono yote miwili juu.

"Nivuteni," alisema. "Ndiye."

Walimvuta watu watatu, kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Alipofika juu alisimama kando ya jeneza, akiushika mguu, akavua kofia. Katekista alifungua kitabu na safari hii akasoma. Wakamshusha Tereza. Koleo la kwanza la udongo lilirushwa na mtani, kama inavyotakiwa, na la pili akataka kulirusha vilevile, ikabidi Edgar amnyang'anye.

Mihogo yote ilipona isipokuwa shina moja, ambalo mwenyewe alisema lilikuwa na ugonjwa tangu zamani. Wingu la Sitalike halikuja. Lilikuwa limesimama tu.

Watu walipoanza kurudi nyumbani kula, Gaudensia alibaki akikagua tuta, akiwaelekeza vijana palipobonyea. Koo lilikuwa linamuuma. Luhende alimsogelea akichechemea, akasimama mbali kidogo, umbali ambao mwiko usingefika.

"Mayu."

"Ee, mzee Luhende." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imekwaruza. "Ya asubuhi, unisamehe. Nilikusikia ukiniita, nikadhani..."

"Niliona." Alivaa kofia. "Umenitukana vizuri. Ila kuna kitu kimepungua."

"Kitu gani?"

"Mama yako akinitukana mimi, hakuishia kwangu. Alikuwa anamtukana na marehemu baba yangu. Alianzia alipozaliwa. Leo baba hukumgusa kabisa."

Gaudensia alilifikiria jambo hilo. Kule juu, nyumbani, mtu alikuwa ameshaanza kugawa wali, na kwa jinsi watu walivyosimama na sahani zao ilionekana ulikuwa na maji.

"Sikumjua baba yako," alisema.

"Nitakusimulia. Alikuwa mtu mbaya sana, utafurahi."

"Basi njoo kesho."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, baba yangu akiwa anapiga mswaki. Na hao ng'ombe waache nyumbani, nitashughulika na wewe peke yako."